Changarawe za Tangi

Kila aliyeingia sebuleni kwa Mwanaidi aliistaajabia mimea iliyoota ndani ya tangi la samaki. Hapakuwa na udongo wala mbolea, changarawe tupu, lakini majani yalikuwa yamestawi hadi kugusa uso wa maji. Mumewe, Sefu, ndiye aliyeipanda, mwezi mmoja baada ya mto kumchukua binti yao Riziki na mwili wake kutopatikana.

Asubuhi moja Mwanaidi alikuwa akikata majani yaliyooza, akauliza tu, "Baba Riziki, hivi changarawe hizi ulinunua wapi?"

Sefu akasogea karibu na tangi.

"Sikununua. Nilizichota pale pale alipoteleza."

Mkasi ukamponyoka. Akatumbukiza mikono yote miwili aing'oe mimea, lakini mizizi ilikuwa imezikumbatia changarawe. Akavuta kwa nguvu, ikainuka yote pamoja na mawe yake. Mikononi mwake ilikuwa na uzito wa mtoto aliyelala.

"Irudishe majini, Mama Riziki," Sefu alimsihi. "Itakufa."

Hakuirudisha. Alisimama ameipakata, maji yakimchuruzika kifuani, akaanza kumbembeleza mwanawe polepole.