Kadi ya Pili

Katika duka la fundi pale Musoma mjini, Rhobi na baba yake walijaribu kadi mbili za picha za kompyuta, zote za mtumba. Kwa ile ya kwanza gemu ya mpira ilikimbia vizuri. Mzee akafungwa mabao matano na bintiye.

"Chukua hii, dada," fundi akasema. "Hiyo nyingine ni ya zamani, inakwamaga."

"Tuijaribu tu," Rhobi akasema.

Kweli, mchezo ukawa wa taratibu. Kidole gumba cha mzee, kinene, chenye kovu la ndoana, kikawahi kubonyeza.

Goli!

Mzee akasimama, mikono juu. "Umeona, mama? Umeona?"

Rhobi alicheka mpaka machozi.

"Fundi," akasema, "tufungie hii hii."