Majina Thelathini na Moja

Programu ya Mwajabu ilisoma orodha mbili sambamba: majina ya waliobomolewa nyumba na namba za nyumba mpya. Nyumba zilipokwisha, nayo ikakoma. Majina thelathini na moja hayakuchapishwa.

"Iache hivyo hivyo," mkuu wake, Bwana Shomvi, alisema. "Wasiojikuta humo watadhani hawakuandikishwa."

"Waliandikishwa, bosi. Niliwaandika mimi."

"Mwajabu, kazi unaitaka au huitaki?"

Mwajabu alirudi kwenye kompyuta yake. Aliiagiza programu ifuate orodha ndefu hadi mwisho, akachapisha, akatoka na gundi kubandika karatasi ukutani mbele ya umati uliokuwa ukingoja nje. Bibi mmoja alipitisha kidole kwenye jina lake, kikafika penye nafasi tupu pasipo namba ya nyumba, kikatulia. Kisha akageuka kuutazama mlango wa ofisi.