Dirisha la Chumba cha Nyuma

Bi Mwanahija aliingia chumba cha nyuma kukikagua, kama alivyofanya kila mpangaji alipohama, akashtuka kukuta mwanga. Chumba kile hakikuwa na dirisha tangu kijengwe. Sasa ukutani palikuwa na tundu la ukubwa wa sinia, limepigwa lipu vizuri, na kibao cha kulifungia usiku.

"Nani kakuruhusu kutoboa nyumba yangu?"

Shomari, mpangaji mwenyewe, alikuwa akifunga godoro kwa kamba. "Hakuna, mama. Mgonjwa alitaka kuona mchana unavyopita."

Mgonjwa alikuwa mama yake. Walimzika Ijumaa.

"Na mkataba unasemaje?"

"Atakayegusa ukuta, amana aliyoweka alipoingia hairudi. Nilijua hivyo tangu nashika tindo."

Akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akajitwika godoro, akaondoka. Bi Mwanahija alikuwa amejiandaa kwa ugomvi; sasa hakujua aupeleke wapi.

Alasiri fundi alikuja na matofali yaliyonunuliwa kwa amana ile ile. Akakoroga saruji yake uani, kisha akachungulia mlangoni.

"Niko tayari, mama. Nizibe?"

Bi Mwanahija alikuwa ameketi sakafuni, palipobaki alama za miguu ya kitanda. Kipande cha jua kilikuwa kimeshamfika magotini, na kilizidi kupanda taratibu.

"Ngoja," alisema bila kugeuka. "Ngoja kwanza kipite."