Sauti ya Sabina

Siku hizo kila nyumba mjini Morogoro ilikuwa na mgao wake wa sauti kwa wiki, na aliyeuvuka alifuatwa na wakaguzi. Leokadia, mpiga selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, na mumewe Gervas, mpiga piano, waliishi kwa kunong'ona, wakidunduliza sauti ya onyesho lao la Jumapili sebuleni. Binti yao Sabina alitimiza miaka mitatu bila kutamka neno.

Jumapili moja, majirani waliokuja kusikiliza wakiwa wametulia na selo ikipanda taratibu juu ya piano, Sabina aliinuka mkekani.

"Mama! Inalia!"

Taa ya kipimo cha sauti ukutani ikawa nyekundu: mgao wa wiki ulikuwa umevukwa.

"Mnyamazishe, tumalizie," Gervas akanong'ona.

Leokadia aliweka upinde chini. "Baba Sabina, kunyamaza tumemfundisha sisi. Inatosha." Akampakata mtoto, akamwuliza kwa sauti kamili, "Nini kinalia, mwanangu?"

"Hiyo!" Sabina akaonyesha selo, akacheka.

Gervas akafunga piano, akaja kuketi sakafuni karibu nao. "Sema tena, mama," akamwambia bintiye, kwa sauti nzito ambayo mkewe alikuwa karibu kuisahau.

Hakuna jirani aliyeondoka. Huko chini mlango wa jengo uligongwa, na Sabina akazidi kuzungumza.