Likilia Tena

Gari lilikuwa linapiga kelele tena. Fundi cherehani alitoka mbio na mkasi mkononi, amekuwa mbogo.

Hakukuwa na mtu. Hakuna paka, hakuna mpira, hata upepo ulikuwa umelala. Akabonyeza rimoti iliyobaki, maana ile ya akiba ilikuwa haionekani wiki nzima, kelele zikakatika. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Mara ya nne leo! Likilia tena, wewe na mgonjwa wako mtafute pengine pa kuishi."

Mgonjwa alikuwa baba yake; kiharusi kilimchukulia sauti na upande mzima wa mwili. Amhamishie wapi mtu wa kugeuzwa kitandani?

Alirudi ndani anatweta, akapitia chumba cha nyuma. Shuka la mzee lilikuwa limelowa chepechepe. Akambadilisha kwa hasira, kisha akaikalia cherehani yake inayonguruma kutwa.

Alasiri alimwita fundi umeme.

"Kaka, ukali wake nilishaupunguza juzi," fundi alisema, kichwa kimezama kwenye boneti. "Hata ulipige teke halilii. Likilia, basi kuna mtu anataka lilie."

"Namjua! Ni huyu jirani wa mlango wa pili, roho mbaya tupu. Kata king'ora!"

"Taa zitabaki zinawaka likichokozwa, lakini gari bila king'ora..."

"Kata, nimesema!"

Kikakatwa.

Kesho yake asubuhi alishona sare za shule mpaka chai ikapoa mezani. Mara, nje ya dirisha, taa za gari zikaanza kuwaka na kuzima, kimya kimya. Damu ilimchemka. Aliinuka nusu, kisha akaketi tena. Leo hatoki, potelea mbali.

"Haya, mchokozi, endelea!" alifoka. "Nani atakusikia?"

Akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Taa ziliwaka, zikazima, zikawaka tena, muda mrefu mno, kana kwamba kuna mtu asiyejua kukata tamaa. Hatimaye zikaacha.

"Umechoka, eh?" akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alijisikia mshindi.

Alimaliza kola mbili ndipo akampelekea baba yake chai.

Mzee alikuwa sakafuni, shuka limemzonga shingoni. Rimoti ya akiba ya gari ilikuwa kwenye mkono wake mmoja mzima, kidole gumba bado kimekandamiza kitufe.