Kikopo cha Pini

Pini kumi na moja. Mzee Ratili alizihesabu kwa sikio, zikianguka moja moja kwenye kikopo nyuma ya kadibodi, na dadu zilikuwa zimesema kumi na tisa.

Alitoa kijidaftari, akaandika namba zote mbili chini ya meza, akakirudisha mfukoni. Miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, na jina la Ratili alibandikwa na wauza nyama, ambao hawakumpenda hata kidogo. Aliyewahi kukamata jiwe la kilo lililotobolewa tumbo hawezi kubabaishwa na kikopo cha pini.

Walikuwa wanne, kila Jumamosi alasiri, kwenye meza ya kukatia nguo ya fundi cherehani. Mchezo wenyewe ulikuwa hadithi. Fundi ndiye aliyesimulia mapango, mazimwi na milango yenye mitego. Wenzake walikuwa na wahusika wao humo ndani. Muuguzi alikuwa mchawi. Kinyozi, shemeji yake fundi, alikuwa mwizi wa vito. Ratili alikuwa askari wa ngao aitwaye Kisiki, jina alilochaguliwa na mkewe. "Kama wewe mwenyewe," mkewe alimwambia huku akicheka. "Hung'oki."

Kila mhusika alianza na alama thelathini za uhai. Akipigwa, dadu zinasema zimemtoka ngapi. Fundi hakuandika alama hizo. Alikuwa na kipande cha kitambaa kwa kila mhusika, kimechomekwa pini thelathini, nyuma ya kadibodi ambako hakuna mwingine aliyeona. Mwisho wa kila pigano alichomoa pini za wote kwa mfululizo, bila kutaja za nani. Zikimwishia mtu, mhusika wake amekufa: fundi anaandika tarehe ya kifo kwa chaki juu ya kitambaa, na mwenyewe anaanza upya na mwingine. Muuguzi alishazika wachawi wawili namna hiyo. Kinyozi hakuwa amezika yeyote, na hapo ndipo Ratili alipoanza kunusa.

Kwa mujibu wa daftari, mambo yaliharibika Jumamosi ile ya kwanza baada ya Ratili kumzika mkewe. Alifika na shati lisilopigwa pasi, akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Nyumba nimeikimbia. Nimebaki na huyu Kisiki tu." Siku hiyo zimwi la pangoni liliwaangukia yeye na mwizi wa kinyozi kwa pamoja. Dadu zilitoka vibaya, lakini kikopo kililia mara chache. Kisha kimya.

Fundi alikohoa. "Wote bado mmesimama," akasema.

Na kinyozi, ambaye mdomo wake haujui likizo, hakutania hata neno.

Tangu siku hiyo kikopo hakikusema kweli tena. Ratili akiingia, mazungumzo yanakatika. Jumamosi iliyopita tu, kabla hajabisha hodi, alimsikia kinyozi akinong'ona, "Shemeji, tutaendelea hivi mpaka lini?" Fundi akajibu, "Mpaka niseme mimi."

Ilimuuma kuliko alivyotaka kukiri. Jumamosi ndiyo siku pekee aliyokuwa akinyoa ndevu. Kama na meza hii ilikuwa ya ulaghai, hakuwa na pengine pa kwenda.

"Hebu nielezeni," alisema sasa, polepole, kama alivyokuwa akiwaanza wauza nyama. "Hizi alama za uhai ni kitu gani hasa?"

"Damu, mzee," alisema kinyozi. "Ukikatwa, inatoka."

Muuguzi aliguna. "Damu gani hiyo? Mtu apigwe shoka mara sita halafu apande ngazi? Mimi nashona watu kila siku, moja tu linatosha. Hizo ni pumzi na bahati."

Fundi alikuwa akizungusha pini kati ya vidole. "Mimi naona ni ile sababu ya kunyanyuka tena," alisema. "Ikishakwisha, hata mkwaruzo unakulaza."

"Na mtu anayependelewa, asichomolewe pini?"

Kinyozi aliinama akatazama viatu vyake, na Ratili akaona hana haja ya ushahidi zaidi.

Alikiweka kijidaftari mezani, akamgeukia fundi. "Majuma tisa nimeandika. Dadu hizi, kikopo hiki. Kuna mtu hapa anabebwa, binti yangu, na anabebwa kwa sababu ni shemeji yako."

"Mzee wangu," alisema muuguzi, "achana nayo. Tafadhali."

"Sijawahi kuachana na mizani mbovu."

"Sawa," alisema fundi. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ila ukiiondoa hiyo kadibodi, sitaweza kuirudisha."

Ratili aliiondoa.

Kitambaa cha muuguzi kilikuwa na pini kumi na mbili. Cha kinyozi alikivuta karibu, akakihesabu kwa kidole, akarudia. Nne. Nne tu, pigo moja zaidi na mwizi angekwenda na maji. Kinyozi alikuwa bado anatazama viatu.

Kitambaa cha Kisiki kilikuwa chini ya vingine, kimekunjwa vizuri. Hakikuwa na pini hata moja, na tarehe iliyoandikwa kwa chaki ilikuwa ya Jumamosi ile aliyokuja na shati lisilopigwa pasi.