Tangi la Eligio

Siku ya arobaini tangi la Eligio lilikuwa bado halina samaki hata mmoja, na Eligio alikuwa amekaa mbele yake akilitazama kwa fahari.

"Maji yanakomaa," alimwambia mama yake.

"Yanakomaa, kwani ndizi?" mama yake alijibu, akaendelea kuponda ndizi zake za asubuhi.

Eligio alikuwa muuza dawa katika famasi moja hapa kwetu Santiago, mtu wa vipimo na miwani safi. Alitaka kumwoa Yuderka. Bahati mbaya Wandy, mpiga ngoma wa bendi ya merengue, naye alimtaka huyohuyo. Yuderka alishindwa kuchagua, akamwachia baba yake. Sasa baba yake, Don Fidencio, ni mtu ambaye ukimuuliza habari za mvua atakujibu habari za samaki. Sebule yake ina matangi manne ya maji chumvi na haina kiti cha mgeni. Mkewe, Doña Mireya, alihamia kwa dada yake kule La Vega mwaka uleule tangi la nne lilipoingia.

"Kila mmoja aanzishe tangi la maji chumvi," Don Fidencio aliwaambia. "Nitakuwa napita kuangalia. Miezi sita ikitimia nitasema nani amlete mama yake Jumapili tuzungumze harusi."

Wandy alijaza lake maji ya bomba, akamwaga chumvi ya jikoni, akatia samaki siku ileile. Siku ya tatu walikuwa wanaelea chali. Alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, nimepika supu!" alitangaza mtaani, kisha akaligeuza tangi kuwa la kupozea bia. Tangu hapo sisi majirani tukaanza kumwita Eligio bwana harusi.

Na kweli Eligio hakufanya mchezo. Alinunua chumvi maalumu ya matangi, iliyokuja kwa ndege kutoka ng'ambo, ingawa bahari yetu iko mwendo wa saa moja na nusu na sijasikia kwamba imeishiwa chumvi. Alikoroga, akapima, akakoroga tena. Alipanga mawe ya baharini yenye vijidudu vya kula uchafu, akasubiri vijidudu vizaliane. Maji yalipopungua kwa joto aliongeza yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachokauka ni maji, chumvi hubaki; jambo hilo alimweleza hata padri baada ya misa. Mwishowe akaingiza samaki wawili wadogo, kichwa zambarau, mkia njano, akiwazoesha maji mapya tone kwa tone kwa saa nzima.

Umeme ulipokatika, na hapa kwetu hukatika kila uchao, betri za nyumba ziliendesha pampu na feni ya tangi. Mama yake alijipepea kwa sahani.

Alasiri moja Yuderka alisimama mlangoni amevaa gauni jekundu.

"Eli, Jumamosi kuna dansi."

"Jumamosi nabadilisha maji, mpenzi."

"Na Jumamosi iliyopita?"

"Nilikuwa nayaandaa haya ya Jumamosi hii."

Yuderka alilitazama tangi, akamtazama Eligio, akaondoka. Eligio alimpungia mkono bila kugeuka, maana alikuwa anahesabu matone ya dawa ya kupimia na angepoteza hesabu.

Don Fidencio alipita kila mwezi kama alivyoahidi.

"Yuderka hajambo?" aliuliza kila mara.

"Chumvi iko thelathini na tano, mzee. Amonia sifuri."

"Na siku yake ya kuzaliwa mliisherehekea?"

"Ilikuwa lini?"

"Juzi, mwanangu."

"Aa! Juzi ndipo nilipokuwa nasafisha pampu. Njoo uone inavyosukuma sasa."

Don Fidencio alikuja, akaona, na macho yake yakalowa kidogo. Eligio aliamini hayo ni machozi ya furaha, na usiku huo alilala fofofo.

Mwezi wa sita ulipotimia, Eligio alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe. Mama yake alikuwa ameshashona gauni la kuvaa Jumapili kwa wakwe, la bluu, lenye vifungo vya lulu za bandia. Don Fidencio aliingia na binti yake. Akainama mbele ya kioo nusu saa nzima. Samaki walikuwa wamenona, mawe yameota vichaka vya mwani wa rangi ya waridi, na maji yalikuwa safi hivi kwamba ungedhani hayapo.

"Nina miaka thelathini katika mambo haya," alisema kwa sauti nzito, "na tangi zuri kama hili sijapata kuwa nalo. Mwanafunzi kama wewe sijamwona."

Akamkumbatia. Eligio akavimba kifua. Mama yake akaanza kulia na kuulizia vikombe vya kahawa viko wapi, ilhali alikuwa ameshavishika mkononi.

Don Fidencio akamgeukia binti yake.

"Yuderka, mwambie Wandy amlete mama yake Jumapili."

"Mzee!" Eligio aliruka. "Wandy? Samaki wa Wandy walikufa siku ya tatu!"

"Najua. Na jioni ya siku hiyohiyo alimpeleka binti yangu dansini." Mzee akamshika bega kwa upole. "Wewe, mwanangu, njoo Jumamosi na ndoo zako. Mimi nipo tu, niko peke yangu."